Futuri Mbili

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alikuja kunisafishia stoo. Hakuitwa, alijileta. Kuna ugonjwa umewaingia watoto wetu, wenzangu, sijui kama nanyi mmeuona: wakishafika miaka arobaini wanaanza kutusafishia nyumba. Akatoa mikeka iliyotoboka, akatoa kapu la vifuu, kisha akatoka ameshika kitu mkono mmoja, anakitikisatikisa. "Mama, hiki kimeza cha kitoto tukitupe? Hata miguu ya maana hakina."

Nilikuwa nimekaa barazani na mgongo wangu huu. Sikumbuki niliinukaje. "Aka! Kiweke chini," nikamwambia. "Kiweke hapo hapo, na mikono yako kanawe." Alicheka, akafikiri mama keshazeeka. Alipokwenda zake nikakivuta kimeza karibu, nikakiinua usoni kukinusa ubaoni. Wallahi harufu bado imo. Si kali tena, lakini imo: mafuta ya karafuu, na chini yake ule utamutamu wa ubao wa mfenesi. Nikalia peke yangu pale, mchana kweupe, mtu mzima na wajukuu.

Baba yangu alikuwa fundi wa nakshi. Watu wakimwita Fundi Makame, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Sokomuhogo, juu tunakaa, chini anafanya kazi. Mkiipata sauti ya patasi ikigongwa taratibu, ko-ko, ko-ko, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, basi hiyo ndiyo sauti niliyokulia. Ikinyamaza tulijua amekwenda kusali. Ikirudi, mama alikuwa akisema, "Haya, moyo wa nyumba huo," akaendelea na shughuli zake.

Na fundi wa nakshi siku zile alikaa chini. Hili lishikeni, maana ndilo lililotutia mashakani. Baba alikuwa na ubao wake wa kukalia, kipande kinene cha mfenesi, kimekuwa laini kwa kukaliwa mpaka kinang'aa. Alikaa juu yake, akaukunjua mguu mmoja, akaubana mlango anaouchonga kwa vidole vya miguu, uso wake karibu na kazi kabisa. Kulikuwa na benchi vilevile, limeegemea ukuta, lakini lile lilikuwa la kupigia randa tu. Benchi la randa huwa fupi, limfikie mtu mapajani, kwa sababu randa inataka kulaliwa na uzito wa mwili. Hakuna aliyechonga maua juu ya benchi.

Siku moja alikwenda na wenzake kutia mlango kwenye nyumba moja mtaa wa Malindi, mji huu huu. Upande mmoja wa mlango ukawaponyoka, baba akaukinga usimwangukie mwenzake. Mlango ulisalimika na mwenzake alisalimika. Kiuno cha baba hakikusalimika. Walimrudisha juu ya gari la hamali, amelala ubavu, uso umemwiva, na cha kwanza alichosema kwa mama ni, "Usiwapigie kelele, hawana makosa."

Kitanda chake kikashushwa chini, kwa sababu ngazi hakuziweza. Mama alimchua kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, kwa miezi, mpaka nyumba nzima ikanuka karafuu, na mimi chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu wakaniita Karafuu. Taratibu akaweza kusimama. Akaweza kutembea mpaka msikitini na kurudi, akisali juu ya kiti. Lakini kuinama hakuweza, na kukaa chini ndiyo kabisa. Alijaribu mara moja, nikamwona, akaishia magotini ameshika ukuta, jasho linamtoka. Ule ubao wake wa mfenesi ukabaki pale sakafuni, na mama akifagia alikuwa akizunguka, hausogezi.

Ramadhani ikaingia na hali ni hiyo hiyo. Sisi juu tulifuturu mkekani, tumelizunguka sinia. Baba nilimpelekea bakuli lake chini, akala amesimama dirishani, bakuli juu ya kizingiti. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Funga yangu ilikuwa ya mpaka adhuhuri, kisha nachota ukoko jikoni na mama anajitia haoni.

Katika kumi la kati la mwezi akaja Ami Khatibu, kaka yake baba, kutoka shamba, Kizimbani. Ami alikuwa mtu mzuri, nisije nikamsingizia marehemu. Hakuja hata siku moja mikono mitupu, na sauti yake ilikuwa kubwa hata akinong'ona. Siku hiyo mimi nimekaa ngazini na ungo, nachambua mchele, na wao wako chini. Kila neno nalisikia.

"Makame," Ami akasema, "kazi ya nakshi ni kazi ya kukaa. Wewe kukaa huwezi. Zana zile zimewekewa nini, zishike kutu?"

"Zina mwenyewe," akajibu baba.

"Mwenyewe ndiye huyu anayesimama kama mlingoti? Mimi nnakuonea uchungu, ndugu yangu. Kila siku unaamka unaliona sanduku, unalala unaliona sanduku. Utakuwa mwehu. Njoo shamba, iko kazi ya kusimamia watu, unasimama kivulini. Na sanduku la zana nipe mimi. Yuko kijana mtaa wa Ng'ambo, fundi mwema, zitamfaa. Mwezi ishirini na tisa nitakuja kulichukua, Idi isikukute nalo humu ndani."

Niliacha hata kuchambua. Kisha baba akasema, polepole, kama mtu anayejisemea, "Ningepata futuri mbili, kaka. Futuri mbili tu. Nisingempa mtu hata patasi moja."

"Na huna," akasema Ami.

"Na sina," akasema baba.

Sasa nielezeni, mtoto wa miaka saba afahamu nini hapo? Nyumbani sisi tulisema futari. Lakini bibi yangu mzaa mama, wa Makunduchi, alikuwa akiniambia futuri: "Kidawa, lete hiyo futuri, mzinga ushalia." Kwa hiyo neno nalijua. Tena nalijua vizuri, limejaa muhogo wa nazi na ndizi. Baba yangu ana njaa. Baba yangu anataka mabakuli mawili ya futari, mama anampa moja, na kwa ajili ya hilo bakuli la pili zana zake zinakwenda Ng'ambo.

Nilimkasirikia mama hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilimtazama akikuna nazi, nikamwona mchoyo. Aliniuliza, "Una nini wewe, mbona umenuna?" Nikamjibu sina kitu. Usiku ule nilipanga shauri langu peke yangu. Bakuli la pili litakuwa langu. Lakini kulikuwa na tatizo, na kwa tatizo hili najisifu, kwa sababu lilikuwa la kifikihi kabisa: chakula cha mtu asiyefunga si futari. Ni chakula tu. Ikiwa bakuli langu litahesabiwa, lazima nifunge mpaka magharibi.

Basi nikafunga. Adhuhuri ilipopita na mimi sijaugusa ukoko, mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Alasiri nilijilaza sakafuni, shavu juu ya saruji, nasikiliza tumbo. Kijungu cha muhogo kilipoanza kutokota na tui zito likanukia mpaka ngazini, machozi yalinitoka yenyewe. Mzinga wa kufungulia ulipolia nilichukua tende, nikaifumbata kiganjani. Mama akaniambia, "Kula, mwanangu, leo umekuwa mtu mzima." Nikamwambia nakwenda kula kwa baba. Nikashika bakuli lake na bakuli langu, nikateremka ngazi kidato kwa kidato.

Baba alikuwa dirishani. Nikayaweka yote mawili kwenye benchi, maana kizingitini sikufika.

"Baba, futari yako. Na hii ya pili."

"Ya nani?"

"Yako. Zimetimia mbili. Sasa usimpe mtu patasi."

Alinitazama kama nimesema Kihindi. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wewe. Ulimwambia Ami ukipata futuri mbili. Mama anakupa moja tu, mimi nshamjua! Lakini mimi nitakupa yangu kila siku, mpaka Idi. Nimefunga yote leo, sikuonja hata chumvi."

Kisha kikamtoka kicheko, kicheko ambacho tulikuwa hatujakisikia tangu siku ya gari la hamali. Akashika benchi kwa mkono mmoja na kiuno kwa mkono mwingine. "Yallah, Kidawa, unaniua! Unaniua, mwanangu!" Kicheko kilimuuma na hakuweza kukizuia. Mama juu akauliza kuna nini, hakujibiwa. Mimi nimesimama na tende yangu inanata mkononi, sielewi, kisha nikaelewa kwamba nachekwa, nikaangua kilio.

Ndipo akanyamaza. Akaichukua tende kiganjani mwangu, akanitia kinywani yeye mwenyewe. Akamega muhogo akanilisha, tonge baada ya tonge, mpaka kwikwi zikaisha. Kisha akaushika mkono wangu, akakikunjua kidole gumba na cha shahada, akavitanua.

"Futari ni hii tuliyokula," akasema. "Na hii, kutoka hapa mpaka hapa, sisi mafundi tunaiita futuri. Ni kipimo. Benchi hili lingekuwa juu zaidi kwa futuri mbili za mkono wangu, ningechonga nimesimama, sina haja ya kuinama. Hayo ndiyo niliyomwambia Ami yako." Nikakumbuka kwamba siku nyingi nilikuwa nikimwona asubuhi akiupandisha mkono ukutani kutoka usawa wa benchi, gumba, shahada, gumba, shahada, kama kaa, na mimi nikidhani anahesabu uradi wa baada ya sala.

"Basi si ulinyanyue tu?" nikamwambia. Nilikuwa bado na hasira.

"Nikilinyanyua, randa nitaipigaje? Na fundi wa nakshi hasimami, mwanangu. Anayesimama ni fundi wa madawati. Watu watacheka."

"Wewe uliponicheka, mimi nilikufa?"

Alikuwa anayatazama mabakuli mawili, matupu, ya bati. Akalipindua moja juu ya benchi. Akalipindua la pili juu ya mgongo wa lile la kwanza. Akaokota kipande cha ubao chini ya benchi, sijui kwa nini nasema akaokota, nilimwokotea mimi, akakiweka juu ya mabakuli. Akafungua sanduku, akatoa patasi na kigongo. Akasimama wima, viwiko vimekaa mbavuni, akagonga. Ko. Akagonga tena. Ko-ko. Mara ya tatu mabakuli yakateleza, yakaanguka sakafuni kwa kishindo kilichoamsha mtaa.

"Mnavunja nini huko?" mama akapiga ukelele.

"Futari!" akajibu baba, na kicheko kikamrudia. Kisha akaniambia taratibu, "Kesho ukitoka chuoni niletee masizi ya chungu. Mengi."

Kazi ikachukua siku sita au saba, kwa sababu alifanya kidogo akapumzika kidogo, na kila kilichoanguka chini nilikiokota mimi. Mimi nilikuwa kiuno chake. Alihitaji ubao mnene wa kuwa uso wa kimeza. Akatazama mbao zote zilizoegemea ukutani, kisha akauelekezea kidole ule ubao wake wa mfenesi pale sakafuni. Nilisita. Mama mwenyewe hakuthubutu kuusogeza, na mimi niuinue? "Ulete," akasema. "Miaka yote mimi nimemkalia yeye. Sasa zamu yake kuwa juu."

Miguu ilikuwa vipande viwili vya ubao vilivyosimama, kimoja huku kimoja huku, na urefu wake akaupima kwa mkono. Gumba, shahada. Gumba, shahada. Akatia alama kwa patasi. Nami nikataka kupima. Akanisogezea mguu wa pili, nikapima futuri zangu: zilikuwa tatu na kitu. Nikaona aibu kuwa mkono wangu haukufika kwa mara mbili kama wake, nikautanua kwa nguvu mpaka ngozi ya katikati ikauma. Akanipiga kidogo juu ya vidole. "Hapana. Futuri haivutwi. Mkono ukiuma, kipimo umekiiba. Weka ulivyo." Nikaweka ulivyo, na akanitilia alama zangu tatu upande wa ndani, ndogondogo, mahali pasipoonekana.

Hakutumia msumari hata mmoja. Alichonga ulimi kwenye miguu na tundu kwenye ubao, vikaingiana kwa kugongwa. Kilipokamilika tukakiweka juu ya benchi, kikacheza: ukibonyeza huku kinainuka kule. Hapo ndipo masizi yalipoingia kazini. Akayapaka juu ya benchi, akakiweka kimeza, akakiinua, akatazama chini ya miguu wapi pameshika weusi. Pale penye weusi ndipo palipozidi, akapakwangua. Akakiweka tena. Mimi nikawa na masizi mpaka masikioni, na mama alinisugua kwa kumbi la nazi siku ile mpaka nikakoma. Mara ya tano au ya sita, kikatulia. Baba akakilalia kwa viganja vyote viwili, hakikutikisika. Akachukua chupa ya mafuta ya karafuu ya kiuno chake, akamimina tone kwenye kitambaa, akausugua ubao wote. "Naye amefanya kazi," akasema, "achuliwe."

Asubuhi ya mwezi ishirini na tisa mama alikuwa juu anakuna nazi. Nami niko naye. Chini kukaanza: ko-ko. Ko-ko. Ko-ko. Mbuzi ya kukunia ya mama ikasimama. Alishika kifuu chake amekiinua vile vile, anasikiliza, mpaka nikaogopa. Kisha akaniambia, "Kamwambie baba yako apunguze kelele, watu wamefunga." Nikateremka mbio, na nyuma yangu nikamsikia anacheka na kujipenga kamasi.

Ami Khatibu akafika baada ya adhuhuri, na mtu wa kubeba sanduku. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia nduguye: kimeza juu ya benchi, kipande cha mlango juu ya kimeza, na baba wima, nusu ya ua imeshatoka. Ami akatazama sakafuni.

"Ule ubao wako u wapi?"

Baba akagonga uso wa kimeza kwa kigongo. "Huu."

"Umesimama kama karani wa posta, Makame."

"Karani naye hurudi kwake na kazi ameimaliza."

Ami akamwambia yule mtu wa kubeba aende zake. Akavua kofia. Kisha, mzee mzima yule, na kanzu yake nyeupe, akakaa chini pale pale alipokuwa akikaa baba, kwenye vumbi la mbao, akamtazama akichonga mpaka alasiri ilipoadhiniwa. Alipotaka kuondoka akaniuliza mimi, "Futuri mbili kazipata wapi huyu?" Nikamwambia, "Nilimpa mimi." Baba hakunikanusha.

Walicheka kweli, wale mafundi wenziwe. Walimwita Fundi Wima mpaka alipokufa, na jina likamkaa hata wateja wakamwulizia kwa jina hilo. Alichonga amesimama miaka mingi kuliko aliyochonga amekaa. Zana zilibaki nyumbani. Alipofariki, ndugu zangu walivigawana vitu vingine, mimi nikaomba kimeza, na hapakuwa na mtu wa kukiwania nami.

Mimi mshoni, wengi mnanijua. Tangu mwaka jana kiuno changu nami kimenigeuka, kuinamia meza ya kukatia nguo siwezi, na watoto wamenikalia shingoni: mama pumzika, mama hiyo cherehani mpe fulani. Ndiyo maana nilipuliza vumbi kwenye kile kimeza juzi, nikakipandisha juu ya meza yangu, nikatandaza kitambaa, nikashika mkasi nimesimama. Mwanangu akaja jioni akakuta kanzu imeshakatwa. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimepata futuri mbili. Akasema, "Mama, mbona Ramadhani bado?"

Alipoondoka nilikigeuza kimeza, nikazitafuta alama. Zangu tatu zimo, ndogondogo, upande wa ndani. Na za baba mbili zimo kwenye mguu ule mwingine. Nikaweka gumba kwenye mwisho wa mguu, nikatanua shahada, nikapanda, nikatanua tena. Nimeshampita baba kwa umri, lakini mkono wangu haukufika. Ulibakisha upana wa ukucha. Nikarudia kutoka chini. Safari hii niliuvuta mkono kwa nguvu mpaka ngozi ya katikati ikauma, na ukafika. Najua, baba. Nimeiba.